Kadi ya Kliniki Haipimi Imani

Kadi ya kliniki inaonyesha mtoto amechanjwa nini. Haionyeshi mzazi anaamini nini.

Mama wa kijiji cha mbali wilayani Handeni akikosa chanjo ya surua-rubela ya miezi 18, huenda hana shaka yoyote; amekosa nauli tu, au msimu wa palizi umembana. Mwingine huhudhuria kila mara, lakini moyoni ana maswali ambayo hajapata wa kumuuliza. Tukihesabu mahudhurio peke yake, tutawaelewa vibaya wote wawili.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unatenganisha mambo manne: fikra na hisia za mzazi, msukumo wa jamii, nia yake, na vikwazo vya kumfikia mchanjaji.

Wilaya ya Korogwe inajua uzito wa fikra za mzazi. Wazazi wa huko waliridhia watoto wao washiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na shirika hilo mwaka 2021. Waliridhia baada ya kuelezwa.

Basi, ili kujua wanachofikiri, wazazi wahojiwe; na anayewahoji asiwe muuguzi anayewachanjia watoto wao, maana watamjibu kwa heshima. Na majibu yao yarudishwe kijijini, yajadiliwe, yafanyiwe kazi.