Safari Yetu ya Kwanza Mbugani

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shuleni petu)



Nimetakiwa kueleza habari ya safari ya kuangalia wanyama ambayo chama chetu kimekuwa kikiizungumza kila mwaka na kuiahirisha kila mwaka. Sitapiga maneno mengi. Wengi wetu humu tumepita umri wa kustaafu, na wenzetu waliokuwa wa kwanza kuunyooshea mkono mpango huu wamekwisha tangulia mbele ya haki kabla hawajamwona hata swala. Kwa hiyo jambo hili halistahili kungoja tena.

Swali la kwanza ni wapi. Najua wako wanaotaka Serengeti, na siwalaumu. Ni hifadhi ya kilomita za mraba 14,763, iliyotangazwa mwaka 1951, na nyumbu wake hupita milioni moja. Lakini tusikurupuke. Nyumbu hao hawakai mahali pamoja. Mwezi wa Februari wako kusini, nyanda za Ndutu, wakizaa. Kati ya Julai na Oktoba wako kaskazini wakivuka Mto Mara. Anayekwenda bila kuuliza hurudi akisimulia majani. Tena anayetoka Arusha kwa barabara hupita kwanza eneo la Ngorongoro, ambalo lina mamlaka yake na malipo yake. Kwa mfuko wetu, watakwenda watu wanane, na waliobaki watakuwa wa kuonyeshwa picha.

Pendekezo langu ni Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964. Iko karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yake. Katika uwanda wa Mkata wako tembo, twiga, pundamilia, nyati na simba. Na viboko wana mabwawa yao. Basi moja la kukodi litatuchukua sote hadi karibu na lango, mwenye nacho na asiye nacho. Hapo ndipo penye uzito wa maneno yangu, Ndugu Mwenyekiti: shuleni hatukubaguana kwa mifuko ya wazazi wetu, na uzeeni tusianze.

Swali la pili ni lini. Masika, tangu Machi hadi Mei, tusithubutu. Udongo mweusi wa Mkata ukilowa hunasa gari, na majani marefu humficha mnyama. Tuchague Agosti au Septemba, majani yakiwa mafupi na wanyama wakifuata maji yaliyobaki. Tulale huko usiku mmoja, kwa sababu wanyama huonekana vizuri alfajiri na jua linapokaribia kuchwa. Saa saba za mchana hata simba huwa kalala kivulini. Ndani ya hifadhi tukodi magari ya watalii yenye paa la kufunguka, pamoja na waongozaji.

La tatu ni fedha. Raia hulipa kwa shilingi, na hulipa kidogo sana kuliko mgeni, mradi aonyeshe kitambulisho cha taifa. Mweka hazina aulize viwango kabla hatujachanga, wala tusikisie. Malipo yafanywe mapema, maana langoni si mahali pa kuanza kuchangishana noti. Napendekeza tuchange kila mwezi kuanzia leo.

La nne ni afya. Kila mtu achukue dawa zake za presha na sukari za siku zote za safari na za akiba, aziweke katika mkoba wa mkononi. Malaria ipo, basi chandarua na mikono mirefu. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, tuvae khaki. Tubebe maji ya kutosha, kofia, na koti jepesi la asubuhi. Mwenye darubini asiiache nyumbani.

La tano ni adabu. Hakuna kushuka garini ila panaporuhusiwa. Hakuna kumpigia tembo makofi, wala kumrushia nyani ndizi. Nyani aliyezoea kulishwa huwa mnyang'anyi. Na dereva wa basi aheshimu mwendo uliowekwa, kwani katika barabara ile ile wanyama wengi wamegongwa na kufa.

Mwaka 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba kuwatunza wanyamapori ni dhamana tuliyonayo kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Kwa hiyo naomba nafasi nne katika basi wapewe wanafunzi wa sasa wa shule yetu. Sisi tutakwenda kuaga. Wao watakwenda kupokea.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu usitawanyike kabla ya kuandika tarehe na kuteua kamati ya watu watatu. Naomba kutoa hoja.