Pampu Ikinyamaza: Kuanza na OpenWhisk Kitui na Makueni



Nianzie Kyuso, kaskazini mwa Kitui. Mnamo 2013 pampu za mkono za huko zilikuwa na kifaa kidogo ndani ya mpini, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa kilihesabu mipigo na kutuma idadi kwa ujumbe mfupi wa simu. Pampu ikisimama, fundi alitumwa. Matengenezo yaliyokuwa yakingojwa siku 27 kwa wastani yakawa yanafanyika chini ya siku 3.

Sasa, ujumbe wa pampu ni wa mara chache. Kuna haja gani ya seva kukesha ikiungoja? Ukambani mna jibu la zamani, mwethya. Kazi ikitokea, iwe matuta au bwawa la mchanga, watu huitwa, huifanya, hutawanyika. Hakuna anayelala shambani mwaka mzima akisubiri kuitwa.

OpenWhisk ni mwethya wa kompyuta. Ni programu huria iliyotoka IBM mwaka 2016, na tangu 2019 ni mradi kamili wa Apache. Ina kitendo, yaani kipande cha msimbo. Kichochezi, yaani jina la aina ya tukio. Na kanuni inayoviunganisha. Ujumbe ukifika, kichochezi hufyatuliwa, kontena, yaani kisanduku cha kuendeshea msimbo, huamka, hesabu hufanywa. Kazi zikikoma, kontena huondolewa.

Mtindo huu huitwa “bila seva”, ila jina hilo lisiwahadae. Seva ipo, na ukiisimika OpenWhisk yote mwenyewe utabeba Kafka ya foleni za ujumbe, hifadhidata ya CouchDB na kundi la kontena, mzigo ambao kwa maoni yangu ofisi ya maji ya kaunti haina sababu ya kujitwika. Anzeni na toleo lake dogo, faili moja tu, kwenye kipakatalishi chenye Java na Docker. Andika funksheni iitwayo main, kwa JavaScript au Python, inayopokea namba ya pampu na idadi ya mipigo. Isajili kwa amri ya wsk, iite, tazama jibu. Kitendo hupewa sekunde 60 na megabaiti 256 usipobadilisha, na kwa kuhesabu mipigo hiyo ni karamu. Ila toleo hilo, lisipounganishwa na CouchDB, huhifadhi vitu kwenye kumbukumbu ya muda: ukilizima, vitendo vyako vimekwenda.

Hapa ndipo nataka tukae. Pampu nzima inasema, iliyovunjika imenyamaza. Jukwaa linaloamshwa na tukio litaamshwa na nini? Mtu anaweza kuandika kitendo safi cha kupokea mipigo, kisha akashangaa mbona tahadhari haiji. Ukimya wenyewe lazima ufanywe tukio. Kila alfajiri, cron, yaani kipanga-ratiba cha Linux, ifyatue kichochezi cha pili. Kitendo chake kisome hifadhidata ambamo kitendo cha kwanza huandika mipigo, na kutafuta pampu ambayo haijasikika tangu jana.

Hata hivyo, si kila ukimya ni uharibifu. Mvua za Novemba zikinyesha, watu huteka maji karibu na nyumbani na pampu hupumzika. Fundi aliyetumwa Tseikuru bure mara mbili hatapokea simu ya tatu. Ujumbe wa kwanza umwendee mtunzaji wa pampu pale kijijini, naye aseme kama imeharibika.

Kisima kilicho kando ya bwawa la mchanga, kama vile vya Makueni, kina kasoro iliyo kinyume. Kiangazi maji yakishuka chini ya mchanga, mpini unapigwa, kifaa kinahesabu, ndoo ni tupu. Mipigo si lita, na hakuna msimbo utakaolijua hilo msipouambia.

Kwa hiyo, kabla ya chai, kila kikundi kichague pampu moja inayoijua. Andikeni kwenye karatasi matukio yake, nani anayatuma, na nani aitwe kwa kila moja. Vipakatalishi tutavifungua mchana.