Nishani ya Malkia na Wasiovikwa Nishani



Mtoto mmoja darasani aliniuliza: "Mwalimu, babu yake babu alichukua mizigo ya vita, wala nishani hakupewa. Je, hakuwa shujaa?" Siku ile sikumjibu. Leo nataka kumjibu mbele yenu.

Nishani ni kipande cha madini tu, lakini hubeba neno la mfalme. Itazameni ile iitwayo Msalaba wa Victoria, aliyoiweka Malkia Victoria wa Uingereza tarehe 29 Januari 1856. Si dhahabu wala fedha, ni shaba nyeusi. Na juu yake yupo simba amesimama penye taji. Tarehe 26 Juni 1857, katika uwanja wa Hyde Park, London, Malkia akiwa juu ya farasi aliwavika watu 62 kwa mkono wake mwenyewe, wakubwa na askari wa chini pamoja. Kila aliyekuwapo alifahamu ya kuwa heshima hiyo yatoka kwa taji, wala hakuna mtu ajipaye.

Na mwenye kutoa aweza kunyang'anya. Kati ya 1861 na 1908 watu wanane walinyang'anywa msalaba huo kwa makosa yao. Lakini mwaka 1920 Mfalme George wa Tano hakupenda jambo hilo liendelee: hata mtu akihukumiwa kunyongwa kwa kuua, na aruhusiwe kupanda penye kitanzi hali amevaa msalaba wake. Basi mfalme mwenyewe alitambua ya kuwa tendo la ushujaa likiisha kutendwa, amri haiwezi kulitangua.

Victoria naye alitambua zaidi. Walipomletea maneno ya kuchorwa, "Kwa Walio Mashujaa", aliyakataa, akachagua "Kwa Ushujaa." Alichelea watu wasije wakadhani shujaa ni yule tu aliyevikwa.

Sasa wakumbukeni wapagazi wa vita vya 1914–1918, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, Dar es Salaam. Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 40,000, nao wengi waliuawa na maradhi, si risasi.

Basi mwanangu, jibu lako ni hili: mfalme humvika yule ambaye habari zake zimemfikia. Habari za babu yako hazikumfikia, zimekufikia wewe. Zitunze, ukawasimulie wanao.