Jamaa wa Karibu ni Nani? Mada kwa Viongozi wa Jumuiya na Wahudumu wa Wazee, Atlanta



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze kwa dakika 40 kuhusu namna viongozi wa jumuiya wanavyoweza kuwasaidia wanawake Weusi wazee wanaopenda wanawake, pamoja na wazee wengine wa kundi la LGBTQ. Niseme mapema kwamba maoni haya ni yangu, si ya taasisi inayonilipa mshahara. Mwanasheria wa taasisi ameipitia mada mara mbili na kufuta aya tatu. Zilizobaki ndizo hizi.

1. Maana ya istilahi

Mzee, kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1965 inayogharimia chakula na usafiri wa wazee, ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Nyumba ya wazee mnaijua. Nusu yenu ndiko mnakopata riziki. LGBTQ mnaijua pia, na sitaifungua herufi moja moja kana kwamba tuko darasa la nne.

Neno moja tu ndilo linalonichelewesha. Nimezaliwa Tanga, na bibi yangu alikuwa na shoga yake. Waliazimana khanga, walisukana nywele barazani, na mmoja alipokufa mwenzake alikaa matanga siku zote bila mtu kumuuliza yeye ni nani pale. Shoga lilikuwa neno la mwanamke kwa mwandani wake, na pwani bado wapo wanaolitumia hivyo. Lakini ukilitamka leo mbele ya vijana wanaangua kicheko, kwa sababu limegeuzwa tusi la wanaume. Msagaji nalo halijawahi kuwa neno la heshima. Basi katika mada hii nitasema bibi na mwenzake, mtanielewa.

Mabibi wenyewe wa hapa, wale wa rika la zamani, wakiulizwa mapokezi "huyu uliyefuatana naye ni nani?", wengi hujibu: rafiki yangu. Au binamu. Ni jibu walilojizoeza miaka mingi. Mwandishi Audre Lorde, ambaye mama yake alitoka kisiwa cha Carriacou, alilichukua neno la huko, zami, wanaloitwa wanawake wanaofanya kazi pamoja na kupendana, akalitia kwenye jina la kitabu chake cha mwaka 1982. Ndilo neno linalobebwa na ZAMI NOBLA, shirika lililoanzishwa na Mary Anne Adams hapa Atlanta kwa ajili ya uzee wa wanawake Weusi wa namna hiyo. Kila nikiliona nakumbuka baraza ya Tanga.

2. Hali ilivyo

Tupige hesabu ya umri. Bibi aliyezaliwa Georgia mwaka 1945 alisoma shule ya Weusi peke yao. Alipougua utotoni alitibiwa upande wa Weusi, kwa maana hata Grady, hospitali kubwa ya umma ya mji huu, iliwagawa wagonjwa kwa rangi hadi mwaka 1965. Alikuwa na miaka 24 ghasia za Stonewall zilipotokea New York mwaka 1969, na miaka 28 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoacha kumhesabu mgonjwa mwaka 1973. Alikuwa na miaka 59 wapiga kura wa Georgia, asilimia 76 yao, walipoingiza kwenye katiba ya jimbo katazo la ndoa yake mwaka 2004. Wengi wa waliopiga kura hiyo walikaa naye benchi moja kanisani. Alikuwa na miaka 70 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoiruhusu ndoa hiyo nchi nzima, tarehe 26 Juni 2015.

Kwa hiyo mnapomkuta amejifunga, hataki picha ya mwenzake iwekwe mezani, msiseme ni ukali wa uzee.

Kazi ya kuwasaidia haikuanza leo. Shirika la SAGE la New York lipo tangu 1978. GRIOT Circle ya Brooklyn ilianzishwa na wazee wasio Wazungu kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 2019 Brooklyn ilifunguliwa Stonewall House, jengo la nyumba 145 za kupangisha wazee. Na kabla ya mashirika alikuwapo Ruth Ellis wa Detroit, mwanamke Mweusi aliyezaliwa 1899 akafa mwaka 2000. Yeye na mwenzake, Ceciline Franklin, kwa miaka 25 kuanzia 1946 waliifungua nyumba yao kuwa mahali pa kucheza na kulala kwa vijana Weusi waliokosa pa kwenda. Huyo kwangu ndiye kiongozi wa jumuiya: hakuwa na kamati, alikuwa na sebule.

Hayo mnaweza kuyapata kwa wengine. Nije kwenye langu.

3. Fomu

Mwaka 2012 bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu, alianguka jikoni usiku wa Ijumaa. Gari la wagonjwa lilimchukua. Mwenzake, waliyeishi pamoja miaka 31, alifuata kwa teksi akiwa na kandambili miguuni. Hospitali, ambayo sitaitaja, haikumfukuza. Tangu Januari 2011 kuna kanuni ya shirikisho: hospitali inayopokea fedha za Medicare na Medicaid lazima imruhusu mgonjwa kuchagua nani amtembelee. Alipewa kiti kando ya kitanda. Muuguzi alimletea hata blanketi.

Jumamosi asubuhi daktari akaja kuzungumzia mashine ya kupumulia. Akauliza nani jamaa wa karibu. Mwenzake akasema: mimi ni rafiki yake. Akaombwa atoke nje kidogo.

Kiti ni haki ya kutembelea. Kuamua ni haki nyingine, ina orodha yake, na sheria ya Georgia imeipanga. Mgonjwa akiwa hawezi kusema, wa kwanza ni yule aliyemteua mwenyewe kwa maandishi. Hakuna aliyeteuliwa? Mume au mke. Kisha mtoto mtu mzima, mzazi, ndugu, babu au bibi, mjukuu, kisha mpwa, shangazi na mjomba. Mwisho kabisa wa foleni, ndipo sheria inapomtaja rafiki.

Fomu ya uteuzi ilikuwapo. Ilikuwa nyumbani, ndani ya bati la biskuti, chini ya vifungo na vibiringo vya nyuzi. Mwenzake akarudi kuifuata, akafika nayo saa sita mchana, nami nilikuwapo. Karani akaipekua hadi ukurasa wa mwisho, akanyamaza, akaigeuza mezani tujionee wenyewe. Sahihi ya bibi ipo. Sahihi ya shahidi wa kwanza, jirani, ipo. Mstari wa shahidi wa pili ulikuwa mweupe.

Fomu hiyo nilimpa mimi. Nilikuwa nimekwenda kwao miezi minane kabla, nikanywa chai, nikaacha karatasi na kusema mtajaza kwa nafasi yenu. Sikurudi kukagua.

Basi akapigiwa simu binti wa kaka wa bibi, huko Alabama. Aliendesha gari usiku kucha. Sitaki mmwone mbaya. Alikuja analia, hakuwa ameonana na shangazi yake kwa miaka 11, na alinivuta kando kuniuliza shangazi alikuwa akisali kanisa gani. Mtu asiyejua hilo ndiye aliyetia sahihi. Mtu aliyejua hata upande gani wa kitanda bibi alipenda kulalia alikuwa kwenye korido. Bibi alikufa Jumapili. Katika kijitabu cha mazishi, chenye picha nzuri na orodha ndefu ya ndugu, mwenzake aliandikwa mstari wa mwisho: rafiki wa familia.

Tangu hapo nimehudhuria warsha nyingi. Tumejadili upendo, uelewa, lugha jumuishi, tumegawiwa fulana. Nikiinua mkono kuuliza kuhusu shahidi wa pili, mwenyekiti husema hilo ni suala la kiutendaji, litachukuliwa. Limechukuliwa wapi, sijui.

Mtaniambia: siku hizi si wanaoana? Wanaoana, na ndoa inampandisha mwenza hadi juu ya watoto na ndugu. Lakini si wote. Yupo bibi aliyeniambia kwamba hatasimama mbele ya karani wa kaunti iliyomnyima mama yake kura akaombe cheti cha mapenzi. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa fomu, na safari hii nilikaa mpaka ikajaa.

4. Mapendekezo

Pendekezo la kwanza ni kwa wahudumu. Mnapompokea mgeni, acheni kumuuliza kama ana mume. Ulizeni: usiku tukiwa na shida, tumpigie nani? Atakayemtaja ndiye wa kuandikwa kwenye faili, hata kama ukoo ni tofauti.

La pili: fomu ijazwe mtu akiwa mzima, anatembea, anabishana. Siku ya kulazwa imechelewa.

La tatu, mashahidi. Georgia inataka wawili, wenye miaka 18 au zaidi na akili timamu. Shahidi asiwe yule anayeteuliwa. Asiwe anayejua kwamba atanufaika kwa kifo cha bibi. Asiwe anayehusika moja kwa moja na matibabu ya bibi, ndiyo maana ninyi mnaomwogesha na kumpa dawa msitie sahihi hata akiwasihi. Mfanyakazi wa nyumba ya wazee asiyemhudumia anaweza, lakini mmoja tu. Muhuri wa mthibitishaji hautakiwi. Wapo wazee waliokata tamaa kwa kuambiwa wakatafute muhuri wa kulipia.

La nne ni kwa wachungaji, mashehe na mashemasi. Wengi wetu tumetoka nchi ambako jambo hili lina kifungo, Kenya hadi miaka 14, kwetu Tanzania hadi maisha, na tulikuja na imani zetu kwenye sanduku moja na pasipoti. Sikuombi ubadili mahubiri; mwanasheria amenikataza, na hata kama asingenikataza nisingeomba. Nakuomba kalamu. Wewe si daktari wake, si mrithi wake, na unajulikana mtaani. Hakuna shahidi bora kuliko wewe.

La tano: fomu ina sehemu ya kumpa mteule mamlaka juu ya maiti, kuzika au kuchoma. Isirukwe kwa woga wa kutaja kifo. Bati la biskuti linanitosha, sitaki na kijitabu kingine cha mazishi.

La sita: nakala. Moja kwa daktari wake, moja kwenye faili la nyumba ya wazee, moja kwenye mkoba wa mwenzake, moja kwenye mlango wa friji chini ya sumaku, mahali ambapo watu wa gari la wagonjwa wanaweza kuiona.

La saba: waliofiwa kabla ndoa haijaruhusiwa wasijione wamefungiwa mlango wa pensheni ya mjane. Tangu Novemba 2021 Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii imeacha kupinga madai ya waliozuiwa kuoana na sheria za wakati huo. Wasindikizeni ofisini. Wachukue bili za pamoja, mkataba wa nyumba, hata kadi za Krismasi zilizoandikwa majina mawili.

La nane ni kwa taasisi yangu na nyingine kama hiyo: ofisi ya kukagua fomu isifungwe Ijumaa saa kumi na moja hadi Jumatatu. Hapa niliandika sentensi nyingine, ikafutwa. Naambiwa niseme suala linashughulikiwa.

La tisa ni la tatu tena: mashahidi wawili. Si mmoja na nusu, si "wa pili atakuja kesho".

Na la kumi: anayeacha fomu kwa mzee arudi. Aandike kwenye kalenda siku ya kurudi kabla hajamaliza chai aliyokaribishwa.

Fomu ziko kwenye meza ya nyuma, pembeni ya birika, na kalamu nimeleta pakiti nzima. Kila mmoja achukue tatu, na kabla hatujatawanyika mfungue ukurasa wa mwisho, mniwekee kidole kwenye mstari wa shahidi wa pili.