Kanuni za Fedha katika Soka la Ulaya: Zinamlinda Nani?



Naomba nianze na fainali mbili za Kombe la FA. Mwaka 1903 klabu ya Bury, kutoka mji wa viwanda ulio kilomita chache kaskazini mwa Manchester, iliifunga Derby County mabao 6-0. Kwa miaka 116 hakuna aliyepata ushindi mkubwa kama huo katika fainali ya kombe hilo. Tarehe 18 Mei 2019 Manchester City waliifikia rekodi hiyo walipoifunga Watford 6-0. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Agosti 2019, Bury ilifukuzwa kwenye ligi kwa kushindwa kuthibitisha kwamba ina fedha za kujiendesha. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1885, na ambayo msimu uliokuwa umetoka kwisha ilikuwa imepanda daraja, haikuwa tena na ratiba. Huku jirani akinyanyua makombe, Gigg Lane, uwanja wa Bury, ulifungwa makufuli.

Hoja yangu ni hii. Kanuni za fedha zilizojengwa Ulaya katika miaka kumi na mitano iliyopita zimezisaidia klabu nyingi zisizame kwenye madeni, na kwa hilo zinastahili sifa. Lakini kuizuia klabu isife hakutoshi kuitwa haki. Haki inatutaka tuulize pia ni nani aliyemlea mchezaji, na anapouzwa, ni nani anayekula.

Bei ilivyopanda

Mwaka 1905 Middlesbrough walimnunua Alf Common kutoka Sunderland kwa paundi 1,000, na wengi wakaona ni aibu binadamu kuuzwa kwa bei hiyo. Mwaka 1979 Nottingham Forest walimsajili Trevor Francis na bei ikafika paundi milioni moja. Agosti 2017 Paris Saint-Germain walilipa yuro milioni 222 kuuvunja mkataba wa Neymar na Barcelona.

Katikati ya safari hiyo kuna hukumu moja iliyobadili kila kitu. Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, alimaliza mkataba wake na RFC Liège mwaka 1990 akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Klabu yake ilidai ada, ingawa mkataba ulikuwa umekwisha. Bosman akaenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba raia wa nchi za Umoja wa Ulaya akimaliza mkataba yuko huru kwenda atakako ndani ya Umoja huo, na kwamba ni marufuku kuweka kikomo cha wachezaji wa nchi hizo katika kikosi.

Hukumu ile ilikuwa haki kwa mfanyakazi, nami naiunga mkono. Lakini gharama yake waliilipa walezi. Ajax ya Amsterdam ilitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka huohuo wa 1995 kwa vijana iliowakuza yenyewe. Edgar Davids akaondoka mwaka 1996 na Patrick Kluivert mwaka 1997, wote kwenda AC Milan, na Ajax haikupata ada ya uhamisho. Tangu hapo klabu yenye kulipa mshahara mnono ndiyo yenye kuchagua, na klabu zikaanza kukopa ili zisibaki nyuma. Leeds United walicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2001 kwa fedha za kukopa. Mwaka 2004 wakashuka daraja. Portsmouth walitwaa Kombe la FA mwaka 2008. Mwaka 2010 wakawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi.

Kanuni zilivyokuja

Mwaka 2011 pekee, klabu za ligi za juu za Ulaya zilipata hasara ya jumla ya yuro bilioni 1.7. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilikuwa imekwisha kupitisha kanuni zake, na agizo lake kuu ni rahisi kulieleza: usitumie kuliko unachoingiza, na usiwadhulumu wanaokudai. Kufikia mwaka 2017 hasara ile ilikuwa imegeuka faida ya takriban yuro milioni 600. Asiyetaka kanuni hata kidogo ana deni la kuzijibu tarakimu hizo.

Mwaka 2022 UEFA iliziandika upya. Sasa mishahara, gharama za usajili na malipo ya mawakala hupimwa kwa pamoja dhidi ya mapato: asilimia 90 msimu wa 2023/24, 80 msimu uliofuata, kisha 70.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Klabu inayoingiza yuro milioni 800 inaruhusiwa kutumia milioni 560 kwa kikosi. Inayoingiza milioni 80 inaruhusiwa milioni 56. Asilimia ni ileile, na pengo linabaki palepale, maana mapato yenyewe hutokana na ushindi wa jana. Aliyecheza Ligi ya Mabingwa mwaka jana ana fedha za kurudi mwaka huu. Kanuni humzuia asiye nacho asikope ili apande, na humwacha mwenye nacho aendelee kuwa juu kwa amani.

Hesabu inavyopanga tabia

Wengi hudhani mchezaji akinunuliwa kwa paundi milioni 100, klabu huandika gharama ya milioni 100 mwaka huo. Sivyo. Gharama husambazwa kwa miaka ya mkataba: mkataba wa miaka 5 huandikwa milioni 20 kila mwaka, wa miaka 8 huandikwa milioni 12.5. Ndiyo maana Januari 2023 Chelsea waliwapa Mykhailo Mudryk na Enzo Fernández mikataba ya miaka minane na nusu. UEFA ikaamua mwaka huohuo kwamba usambazaji usizidi miaka mitano, na Ligi Kuu ya England ikafuata.

Upande wa kuuza una fundisho zito zaidi. Mchezaji aliyenunuliwa akiuzwa, klabu hutoa kwanza sehemu ya bei ambayo haijamaliza kuiandika. Kijana aliyekuzwa nyumbani hakununuliwa, kwa hiyo bei yake karibu yote huingia kama faida. Matokeo yake, klabu inayobanwa na hesabu humtazama kwanza mtoto wake. Mason Mount aliondoka Chelsea kwenda Manchester United mwaka 2023, na Conor Gallagher akaenda Atlético Madrid mwaka 2024. Wote wawili walikulia Chelsea. Kanuni iliyokusudia kufundisha uangalifu imeishia kuwapa walezi sababu ya kuwauza wanawao.

Tutazame pia kesi ya Nottingham Forest. Kanuni ya Ligi Kuu ya England iliruhusu hasara ya paundi milioni 105 kwa misimu mitatu, yaani 35 kwa msimu. Lakini kwa kila msimu ambao klabu ilikuwa daraja la chini, iliruhusiwa 13 tu. Forest walipanda mwaka 2022, kwa hiyo kikomo chao kilikuwa milioni 61. Walitakiwa kushindana na wenye 105 ligi ileile, uwanja uleule. Walizidisha kwa milioni 34.5. Walikuwa na Brennan Johnson, kijana wao wenyewe, ambaye wangeweza kumuuza kabla hesabu hazijafungwa tarehe 30 Juni 2023. Walisubiri bei nzuri, wakamuuza Tottenham tarehe 1 Septemba kwa takriban paundi milioni 47.5. Tume huru haikuukubali utetezi wao kwamba walikuwa wakisubiri bei nzuri, na Machi 2024 wakapokwa pointi 4.

Sisemi Forest hawakuvunja kanuni, walivunja. Nasema kanuni inayompa mgeni kikomo kidogo kuliko mwenyeji, kisha ikamwadhibu kwa kukataa kumuuza kijana wake kwa bei ya hasara, haiwezi kujiita kanuni ya usawa.

Fungu la walezi

Ipo kanuni moja ninayoiheshimu kuliko zote, nayo haitajwi sana. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, FIFA hutaka asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya ada. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia moja. Kijana akiuzwa kwa yuro milioni 10, klabu iliyomlea tangu miaka 12 hadi 17 inastahili yuro 200,000.

Mfano ni Mbwana Samatta: alianzia African Lyon, akapita Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji Januari 2016, kisha Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tarehe 1 Machi 2020, pale Wembley, aliifunga Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi. Bao lile lilianza kutengenezwa kwenye viwanja vya Dar es Salaam, chini ya makocha ambao majina yao hayakutangazwa siku ile.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Asilimia 5 ni kivuli chembamba, tena mchezaji akiondoka huru baada ya mkataba kwisha, hakuna ada, na fungu hilo halipo. Napendekeza lipandishwe. Napendekeza pia mapato ya kumuuza kijana wa nyumbani yasipewe upendeleo wa hesabu, na klabu iliyopanda daraja ipimwe kwa kikomo kilekile cha wenzake.

Hitimisho

Mapendekezo hayo yataamuliwa na UEFA, FIFA na Ligi Kuu ya England. Lipo linaloamuliwa hapa kwetu. Tangu Novemba 2022 malipo ya walezi hupitia kitengo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, nacho hutegemea pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, ambayo hujengwa kwa kumbukumbu za usajili za mashirikisho ya nchi. Kijana aliyecheza miaka mitano mtaani kwenu bila kusajiliwa, mbele ya kitengo hicho hamkumlea.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa klabu, walimu wa shule na makocha wa vituo vya vijana mliomo humu: msajilini kila mtoto anayefikisha miaka 12, kwa jina lake sahihi na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa, na msajilini tena kila msimu. Tunayo haki ya kuidai Ulaya usawa, ila dai lisilo na kumbukumbu halilipwi.