Kabla hatujasema "wametufungia", tusome namba

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wanaosimamia tovuti zetu za mikoa. Naiweka hapa kwa walioomba nakala.)



Nimepewa dakika chache, naenda moja kwa moja. Tovuti ikigoma kufunguka, kwenye magrupu ya WhatsApp utasikia sauti moja: "Wametufungia!" Inawezekana kweli. Lakini inawezekana pia seva haijalipiwa, au imezidiwa. Tukipiga kelele mara tano bila ushahidi, mara ya sita tukifungiwa kweli nani atatuamini? Njia ya mwongo ni fupi, na anayesema kwa pupa naye huwekwa kundi hilohilo.

Ushahidi wa kwanza ni bure, ni namba tu. Ukifungua ukurasa, simu yako inatuma ombi kwa seva, na seva inajibu kwa namba yenye tarakimu tatu. Usikariri zote. Angalia tarakimu ya kwanza. 2 maana yake ombi limekubaliwa. 3, ulichotafuta kimehamia pengine. 4, seva inaona tatizo liko kwenye ombi lako. 5, seva yenyewe imeshindwa.

Sasa tuzisome kama watu wa siasa.

404: seva ipo hai, imekujibu, ila ukurasa huo haupo. Huenda mwenzako kaufuta au kakosea kiungo. Hapo hakuna aliyetufungia, jamani. 403: seva imekuelewa, lakini imekataa kukupa. Muulize anayesimamia seva ameweka masharti gani. 500: kuna kitu kimeharibika ndani, mara nyingi programu ya tovuti yenyewe. 503: seva haiwezi kuhudumia kwa sasa, imezidiwa au iko kwenye matengenezo.

Hii 503 tuiangalie vizuri. Mgombea anamaliza mkutano saa 12 jioni, watu wote wanakimbilia tovuti kusoma ilani, seva ndogo inalemewa. Lakini mtu mwenye nia mbaya naye anaweza kuilemea kwa kutuma maombi ya uongo kwa maelfu. Namba ni ileile. Tofauti utaikuta kwenye kumbukumbu za seva: maombi yametoka wapi, mangapi, kwa muda gani. Kwa hiyo kumbukumbu zisifutwe.

Halafu kuna 451. Hii ndiyo namba ya kusema wazi kwamba ukurasa umezuiwa kwa sababu ya kisheria. Tim Bray aliipendekeza mwaka 2012, ikachapishwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti, RFC 7725, Februari 2016. Imetokana na Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury ya mwaka 1953 kuhusu nchi inayochoma vitabu. Kiwango hicho kinataka jibu lieleze nani ametoa amri na kwa sheria ipi. Ukiipata, umepata kitu cha kumpelekea wakili.

Lakini tusijidanganye. Hakuna anayelazimika kuitumia, na mzuiaji asiyetaka kujulikana hatakuandikia 451. Mara nyingi hutaona namba yoyote: ukurasa unazunguka mpaka muda unaisha, au muunganisho unakatwa ghafla, au jina la tovuti halipatikani. Majirani zetu Uganda, uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, intaneti ilizimwa usiku wa kuamkia kura. Siku hiyo hapakuwa na 404 wala 503, kwa sababu ombi halikufika kwa seva.

Kwa hiyo shikeni hili: ikirudi namba, kuna mtu amejibu, muulize yeye kwanza. Isiporudi namba, tatizo linaweza kuwa njiani, au seva imezimika kabisa. Hapo ndipo tunapima. Jaribu kwa laini za kampuni mbili tofauti. Mwombe mwenzetu aliye nje ya nchi afungue. Jaribu kwa VPN. Ikifunguka nje na kwa VPN, ikagoma kwenye laini za hapa, sasa una hoja. Pima pia kwa OONI Probe, programu ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwenye kompyuta, bonyeza F12, fungua sehemu ya Network, pakia ukurasa upya, utaona namba. Piga picha ya skrini, andika tarehe, saa, mkoa na mtandao uliotumia.

Naomba kila mkoa uwe na daftari la matukio haya kuanzia wiki hii. Siku tukisema mbele ya waandishi au mahakamani kwamba tumefungiwa, tuseme tukiwa na daftari mkononi.