SHERIA TUNAYO, ELIMU IKO WAPI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Mimi ni mwenye duka, na elimu yangu ni ya chuoni. Nataka kueleza niliyoyaona Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, nilikokwenda kununua maharage.

Ardhi ya Waha ina rutuba. Hutoa maharage, mahindi, mihogo na tangawizi. Lakini mkulima aletapo gunia, mnunuzi hulijaza lumbesa hadi livimbe shingo, kisha hulipa bei ya gunia moja. Mzani hautumiki. Nami nakiri mbele yenu: nimepata kununua hivyo, na faida ile nimeila.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Maeneo Maalumu ya Uchumi ya mwaka 2006 iliruhusu, pamoja na viwanda na bandari huru, maeneo ya sayansi na teknolojia. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria nyingine, iliyounganisha Kituo cha Uwekezaji na Mamlaka ya EPZA kuwa chombo kimoja, TISEZA. Eneo la Kigoma limetengwa huko chini, upande wa mjini. Mkulima wa Kibondo yu mbali nalo.

Sisi visiwani si wageni wa jambo hili. Fumba na Micheweni zilifanywa maeneo huru mwaka 1992. Mwulizeni mtu wa Micheweni ameonja nini tangu siku hiyo.

Taiwan walifungua eneo lao la sayansi la Hsinchu mwaka 1980, nao waliliweka ubavuni mwa vyuo vikuu viwili na taasisi ya utafiti wa viwanda, vilivyokwisha kuwapo. Elimu ilitangulia, uzio ukafuata. Hata mwalimu wangu alinianzisha kwa alifu, hakunianzisha kwa jalada la msahafu.

Umeme wa gridi ulifika nyanda zile mwaka 2022. Basi wawakilishi wetu wadai haya: mizani sokoni, mashine za kukausha na kuchambua maharage, maabara ya kupima udongo, vijana wa hukohuko wafunzwe kuziendesha, na asitwaliwe mtu shamba kabla ya kulipwa fidia. Pasipo hayo, eneo la sayansi ni kibao cha njiani tu.

Ndugu zangu, maneno matupu hayavunji mfupa. Nami, ili nisiwe msemaji mtupu, tangu safari ile nanunua kwa mzani.